Siku Nilipobandua Vioo vya Afande Simkoko

Wanangu wa kituo, mmenichosha. Tangu nirudishe sare, kila mkipita hapa Iyula kunywa chai yangu hamniulizi namna ya kupanga msururu wa malori wala namna ya kusimama kwenye ukungu bila kugongwa. Mnauliza lile moja tu: eti mama, ni kweli ulimbandulia Afande Simkoko karatasi nyeusi za vioo vya gari pale Mpemba, mchana kweupe, na ndiye aliyekufundisha kazi? Wengine mnaongeza chumvi kwamba nilimpigia kelele. Mmoja, namjua ni nani na nyinyi mnamjua, anasimulia kwamba mzee alilia kwa aibu na hakunisamehe tena.

Vioo nilibandua. Mzee alilia. Hayo mengine ni ya kijiweni. Basi nakaa chini niandike mwenyewe, maana mkiniacha nife hivi hivi mtaanza kusema nilimtia na pingu.

Nilipangiwa trafiki Tunduma nikiwa msichana, tungali Mkoa wa Mbeya, na viatu vyangu vyeupe vilidumu na weupe wake hadi saa nne asubuhi. Vumbi la mpakani hamlijui nyinyi, mmekuta lami kila kona. Malori yalijipanga kutoka geti la Zambia mpaka huko nyuma usikokuona mwisho, madereva wanapikia kando ya matairi, wabadili fedha wanapita katikati wakiita kwa Kiswahili, kwa Kibemba, kwa Kiingereza cha kubahatisha. Nikasimama katikati ya makelele hayo na filimbi yangu, sijui nianze na nani.

Akaja mwanamume mrefu, kofia ameiweka sawasawa kana kwamba amepimiwa na rula. Ndiye Sajenti Simkoko, Mnyiha wa Vwawa. Kila aliyempita alimsalimia na kila aliyesalimia alijibiwa kwa lugha yake. Dereva wa Zambia alipata "muli shani mukwai," bibi wa Kinamwanga mwenye kapu la dagaa akapata salamu ya kwao na ya watoto wake wote. Mkono wake wa kulia haukutulia. Mkono huo ukiinuka, lori la shehena lilisimama bila filimbi.

"Kwenu wapi, binti?" akaniuliza.

"Iyula, afande."

"Kwa wakulima wa kahawa. Basi kusalimia unajua?"

Nikacheka. Nani kwetu hajui kusalimia? Mbozi ukimpita mtu shambani kwake bila salamu, jioni habari imeshafika kwa mama yako, na imefika ikiwa imenenepa.

"Usicheke," akasema. "Nusu ya kazi hii unayo tayari. Nyingine nitakufundisha."

Na alinifundisha kweli. Kuhusu vioo vyeusi alinifundisha siku hiyo hiyo, kwa sababu magari kutoka bandarini yalikuwa yameanza kumiminika kwenda Zambia na Kongo, na vijana wa mjini walikuwa wameonja ladha ya kupita wasionekane. Sheria yenyewe mmesomeshwa chuoni, na viwango vyake vina karatasi zake, sivirudii hapa. Mimi nawapa ile ambayo Afande alinipa kwa maneno yake: sheria haina ugomvi na kivuli. Inachotaka ni dereva akuone na wewe umwone. Basi.

Kipimo hatukuwa nacho. Tulikuwa na mkono. Unasimama mbele ya gari lililokwisha kusimama, ukiwa upande wa dereva, siyo katikati ya boneti, maana breki za watu huzijui. Unainua mkono kumsalimia. Halafu unasubiri. Mtu wa huku hata akiwa amekasirika, hata akiwa hana leseni, salamu ikimfikia mkono wake unainuka wenyewe. Ukiuona mkono huo, kioo cha mbele kimepita. Kisha unakwenda mlangoni, kioo kikiwa kimefungwa, unarudia. Usipoona kitu, ama yeye hakuoni au wewe humwoni, na kwa vyovyote vile hilo ni gari la kuweka pembeni.

"Na akiniona akakataa kuitika?" niliuliza.

"Subiri," akasema. "Usigonge kioo, usipige kelele. Subiri tu. Hakuna anayeweza kukaa na salamu ya mtu kwa muda mrefu."

Mambo mengine yalikuwa ya ufundi, na mengi nawaona mnayakosea mpaka leo. Jua la saa sita hugeuza kioo chochote kuwa cha kujitazamia. Usimwandikie mtu kosa kwa sababu umeona kofia yako mwenyewe. Sogea mpaka kivuli cha mwili wako kiangukie kioo, ndipo uchungulie. Halafu tofautisheni karatasi na kioo cha kiwandani. Mwambie dereva ashushe kioo nusu, utazame ukingo wa juu. Karatasi ya kubandika haifiki mwisho kabisa, huacha uzi mwembamba wa mwanga. Kioo cha kiwandani rangi imo ndani yake. Mwenzangu mmoja, Mungu amrehemu, alimkwanguza dereva kioo cha nyuma kwa wembe mpaka yule baba akavua shati kwa jasho, na rangi haikutoka hata chembe. Afande Simkoko alipofika alicheka akashika kiuno. "Mwache mwenzio," akasema, "hapo utafika kwenye kiti."

Karatasi yenyewe huondolewa kwa maji ya moto, sabuni na uvumilivu. Maji tulichukua kwa Mama Lusungu, aliyekuwa akiuza chai na maandazi pale Mpemba karibu na tulipokuwa tukisimama. Afande alikunywa chai kwake kila asubuhi ya Mungu, amesimama, kikombe mkono wa kushoto ili wa kulia ubaki huru kwa salamu. Mama Lusungu alikuwa na mdomo. Akimwona mwenye gari analeta ubishi, alinyanyua birika lake na kuuliza kwa sauti, "Huyu wa kuoga ni nani leo?" Watu walibandua wenyewe.

Visingizio nilivyosikia miaka ile vingejaza gunia la kahawa. Bwana harusi mmoja alisema vioo vyeusi ni vya kumficha bibi harusi mpaka kanisani. Mchungaji akasema ni ili asali njiani bila kusumbuliwa. Nikamwambia, sali baba, ila dereva wako afumbue macho na mimi niyaone. Mkubwa mmoja kutoka mbali alikaa nyuma ya kioo cheusi tii akafoka, "Unanijua mimi ni nani?" Nikamjibu ndiyo shida yenyewe, mheshimiwa, sikuoni. Kioo kikashuka taratibu. Hakucheka, lakini dereva wake aliuma midomo mpaka nikamwonea huruma.

Msidhani ulikuwa mchezo. Kule juu Vwawa, mwezi wa sita, ukungu unashuka mapema na baridi yake mnaijua. Magharibi moja mzee alikuwa akisukuma baiskeli yake kutoka kupeleka kahawa, akagongwa na gari ambalo vioo vyote vilikuwa vimezibwa. Dereva alikaa kando ya barabara akilia, akirudia, "Sikumwona, jamani, sikumwona." Nilimwamini. Nilichungulia kutoka kwenye kiti chake na mimi sikuona barabara, niliona giza tu na taa mbili za kubahatisha. Mzee alipona ila mguu haukurudi. Kuanzia siku hiyo mtu akiniambia tinti ni urembo, namtazama tu.

Kipima mwanga kilikuja Afande akikaribia kustaafu. Vipande viwili vidogo vinavyokumbatia kioo, kimoja ndani kimoja nje, na namba inaonekana. Alikigeuza geuza mkononi, akanirudishia. "Kizuri," akasema. "Kinajua kusalimia?" Nilikitumia, na nyinyi kitumieni, mahakamani namba inasikika kuliko mkono wa mtu. Ila betri ikifa, na hufa siku yenye magari mengi, mnajua pa kurudi.

Akastaafu. Akajenga nyumba yake kando ya barabara kuu, nje kidogo ya Vwawa, akanunua gari dogo jeupe la kuzeekea. Mwanzoni kila Jumamosi alishuka Tunduma kwa chai ya Mama Lusungu, kioo kimeshushwa, mkono uko nje. Mtu angedhani ni mgombea.

Kisha akakatika. Miezi ikapita. Halafu siku moja nikaliona gari lake lile lile jeupe likishuka kutoka Vwawa, na vioo vyake vyote, vyote jamani, mpaka cha mbele, ni vyeusi. Nikainua mkono kama kawaida. Gari likapita. Nikajiambia hakuniona. Wiki iliyofuata likapita tena. Nilikuwa peke yangu barabarani, nimevaa nyeupe, ungeniona ukiwa Zambia. Hakuitika mkono wala honi.

Niliumia, siwafichi. Ni Afande Simkoko, siyo mtu mwingine. Nilirudi nyumbani nikamnyima mume wangu usingizi kwa hilo. Na mjini maneno yakaanza. Simkoko kajenga, Simkoko kanunua gari la wakubwa, Simkoko hasalimii. Wapagazi aliokuwa akiwaita kwa majina wakaacha kumuulizia. Mama Lusungu, aliyemwekea kikombe chake peke yake miaka yote, alikitoa rafuni akakiuzia chai. "Siku hizi anatuona vumbi," akasema, akaendelea kukaanga. Kwa watu wetu, asiyeitikia salamu akiwa mzima hana wa kumtetea. Hakuna aliyekwenda kwake kuuliza kulikoni, na mimi pia sikwenda.

Ndipo ikaja ile operesheni ya vioo. Tulisimama Mpemba kuanzia asubuhi, mimi ndiye mkubwa wa zamu. Pembeni nilikuwa na msururu wa magari, wenyewe wananuna, wanakwangua. Birika la Mama Lusungu halipumziki. Gari jeupe likatokea juu ya kilima likishuka.

Mmoja wa wale waliokuwa wakikwangua akasema, na alisema ili nisikie, "Haya sasa tuone. La mwenzao litapita." Wote wakaacha kukwangua. Wananitazama.

Eleweni nilipokuwa. Nikilipitisha, pale pale wale wangefunga ndoo zao, na wangekuwa na haki. Nikilisimamisha, namfedhehesha aliyenilea kazini mbele ya mji aliouchunga. Nikainua mkono, gari likasimama.

Nikaenda mbele ya boneti, upande wa dereva. Nikasalimia kama alivyonifundisha. Nikasubiri. Sikuona mkono.

Nikaenda mlangoni. Kioo kikashuka kidogo, kumbe anayeendesha ni Ezekieli, mwanawe wa kwanza. "Shikamoo mama," akasema kwa sauti ya chini. "Naomba utupishe. Mzee yumo humu."

"Marahaba. Yumo, na salamu yangu haitikii?"

Ezekieli akainamisha kichwa. "Mama, usiende upande ule. Tafadhali."

Nikazunguka nikaenda upande ule. Kioo cheusi, najiona mimi na kofia yangu. Nikasogea kivuli changu kiangukie pale, bado sioni. "Afande," nikasema, "ni mimi Tabi. Shikamoo."

"Ulinifundisha nisigonge. Sigongi. Nasubiri."

Nilisimama pale, sikusogea. Kisha kioo kikaanza kushuka, kidogo, kikasita, kikashuka chote.

Mungu wangu. Upande mmoja wa uso wa Afande ulikuwa umeshuka, mdomo umekwenda kando, jicho moja limelegea. Alikuwa amepigwa na kiharusi. Na ule mkono, mkono wa kulia uliosimamisha malori, ulikuwa umelala mapajani juu ya kitambaa, haujongei. Ezekieli alikuwa akimpeleka kufanya mazoezi ya viungo kwenye zahanati moja Tunduma, na mzee hakukubali kutoka nyumbani mpaka gari lizibwe pande zote.

"Ta-bi," akasema. Maneno yalimtoka kama anayanyanyua mawe. "Si-taki... wa-nione."

Nikatafuta njia, nawaambieni nilitafuta. Nikamwambia tunaweza kumwombea kibali, mgonjwa anayedhuriwa na jua huruhusiwa vioo vyeusi, nitakwenda mwenyewe kwa mkubwa. Akatikisa kichwa. Jua halimdhuru, akasema. Akatafuta neno kwa muda, akalipata. "Watu."

Hapo ndipo nikamwambia, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumwambia. "Afande, unajua watu wenyewe wanasemaje? Wanasema umekuwa na maringo. Wanasema umepata gari ukatusahau."

Alinigeukia. Jicho lile zima likafunguka. "Mimi?" akasema, na hilo alilisema sawasawa, halikupinda hata kidogo. "Mimi niringe?"

Alikuwa hajui. Miezi yote ile amejificha ndani ya kile kiza akidhani watu wanamlilia, kumbe nje wanamsema. Machozi yakamtoka, na upande ule uliolegea hakuweza kuyafuta. Nikamfuta mimi kwa mkono wa sare. Hayo ndiyo machozi mnayoyasikia vijiweni. Hakulia kwa sababu yangu.

Kisha akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye kioo cha mbele. Akavuta pumzi ya afande wangu wa zamani. "Bandua," akasema. "Vyote."

Ile ilikuwa amri, na mimi ni askari. Nikageuka nikaita maji.

Mama Lusungu akaja na birika, uso ameukunja, tayari na maneno yake. Akachungulia dirishani. Birika likatua chini. "Afande! Jamani, Afande wangu!" Halafu badala ya kulia akakasirika, mnamjua. "Yaani unaumwa peke yako? Sisi tumekufa? Tumezikwa wapi, mbona hatujajua?" Akapigapiga makofi, akazunguka gari zima akimgombeza, na mzee ndani, nusu ya mdomo ile inayofanya kazi, akaanza kucheka.

Mimi sikubandua peke yangu. Wale waliokuwa wakininunia waliacha magari yao, wakaja na nyembe zao na ndoo zao. Yule aliyesema litapita ndiye aliyepanda juu ya boneti kukwangua kioo cha mbele, polepole, asimtie mzee maji. Kila karatasi ilipotoka, uso wa Afande ulionekana zaidi, na kila aliyefika alimpa salamu kabla hajauliza chochote.

Vioo vilipokwisha kusafishwa nikarudi mbele ya boneti, maana gari halijapita mpaka lipite. Nikainua mkono. Nikasubiri. Ndani niliona bega la kulia linajaribu, linashindwa. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kupanda, mpaka usawa wa uso. Nikampisha.

Ezekieli aliniambia kwamba kutoka pale mpaka zahanati ule mkono haukupata nafasi ya kushuka. Habari ilitangulia gari. Wapagazi waliacha mizigo, wauza mahindi wakakimbia kandokando, na mzee alifika amechoka hoi, mtaalamu akasema leo mazoezi yameshafanyika. Jumapili ile nyumba yake ya Vwawa ilijaa. Kuku wakaletwa, unga, maharage, na Mama Lusungu akapanda gari kurudisha kikombe. Kutamka nako alijifunza upya kwa salamu, akianza na Kinyiha, kisha Kiswahili, na "mukwai" ikaja mwisho.

Sasa mnajua. Limebaki moja, na hilo hamkuliona kwa sababu mlikuwa mnashangilia.

Siku ile mliponiaga mkanipamba na maua ya plastiki, mliniweka kwenye kigari changu, mmoja wenu akaendesha, mnapiga honi nyuma yangu toka Tunduma. Mlidhani nacheka. Nilikuwa nimejifunika uso na kanga. Miaka yote ile barabarani, halafu ghafla wewe ni abiria. Tulipofika Vwawa gari likapunguza mwendo, dereva akasema, "Mama, kuna mzee kasimama barabarani."

Nikachungulia kwa upenyo wa kanga. Afande Simkoko, fimbo ameipachika kwapani, kofia sawasawa, amesimama mbele ya boneti yetu. Hakusimama katikati. Mkono wa kushoto uko juu.

Nikajua anachosubiri, nikashindwa. Sikutaka anione ninavyolia. Naye hakugonga, hakuita. Alisimama vile vile, ule mkono ukimtetemeka, na hakuushusha.

Nikaitoa kanga usoni. Nikainua mkono wangu.

Akanitazama vizuri kupitia kioo, bila haraka, kama anavyotazamwa dereva.

"Pita," akasema.